Sikio la Upande wa Pili

Msomaji wangu, kama ulianza shule katika nchi hii zamani, huenda na wewe ulipimwa kama nilivyopimwa mimi. Mwalimu alikusimamisha mlangoni, akakuamuru upitishe mkono wa kulia juu ya kichwa uguse sikio la kushoto. Ukiligusa, umri wako umetimia, na jina lako linaandikwa. Usipoligusa, unarudi nyumbani kuchunga mbuzi mpaka mwakani. Mimi nilipimwa hivyo Kasulu mwaka 1958. Nililigusa kwa ncha ya kidole tu, huku nimeinamisha kichwa kidogo, na mwalimu akajifanya hakuona.

Miaka 19 baadaye nilikuwa Mwalimu Mkuu katika kijiji kimoja cha Kibondo, na ilikuwa zamu yangu kusimama mlangoni. Ndiyo miaka ya Elimu ya Msingi kwa Wote. Watoto walikuja kama mvua ya masika, na wengi wao hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Nikawapima kwa mkono na sikio. Mtoto wa miaka sita mwenye mikono mirefu aliingia. Mtoto wa miaka tisa aliyedumaa kwa njaa na homa alirudishwa. Binti mmoja nilimrudisha miaka miwili mfululizo, mpaka bibi yake alipokuja kunieleza, kwa adabu lakini kwa macho makali, kwamba mjukuu wake alizaliwa kabla watu hawajahamishiwa kijijini. Nilikokotoa miaka, nikaona haya.

Kosa la kipimo kile ni kwamba kiliuliza umbo, nacho kilitaka kujua umri. Kwa muda mrefu niliamini kwamba makosa ya namna hiyo ni yetu sisi walimu wa vijijini, wenye chaki moja na daftari moja. Nimejifunza uzeeni kwamba matabibu nao, tena katika hospitali kubwa, walipita njia hiyo hiyo. Katika insha hii nataka kusimulia jinsi walivyoipita na jinsi walivyoiacha. Jambo hili linanihusu kwa sababu ya watoto wawili.

Mtoto wa kwanza alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la nne, mwaka 1979. Baba yake alikuwa mrina asali, mwenye mizinga ya magome katika miombo upande wa mashariki wa kijiji. Kijana alikuwa mwepisi wa hesabu, na mara mbili aliniletea asali katika kibuyu kidogo, akasema, "Baba anakusalimu, Mwalimu." Siku moja nikaona shavu lake limevimba. Nikamwita ofisini, nikamfungulisha mdomo. Jino moja la nyuma lilikuwa linacheza. Nikasema kwa sauti ya mtu anayejua: "Hili ni jino. Sukutua maji ya moto yenye chumvi, asubuhi na jioni."

Baada ya wiki mbili uvimbe ulikuwa umekua hata jicho la upande ule likaanza kusukumwa. Baba yake akaja kuniuliza kama ampeleke hospitali. Nchi ilikuwa imetoka vitani Uganda, mafuta yalikuwa adimu, na magari ya kutoka Kibondo kwenda Kasulu yalipita kwa bahati. Nikamwambia, "Tusubiri wiki moja, mzee mwenzangu. Jino likitoka, shavu litashuka." Alinisikiliza kwa sababu nilikuwa Mwalimu Mkuu. Mtoto alifariki kabla ya muhula kwisha. Katika kitabu cha kumbukumbu za shule niliandika jina lake, tarehe, na maneno mawili: "Amefariki. Jino."

Mtoto wa pili ni mjukuu wangu wa kike. Mwaka 2015 alikuwa na miaka sita, na kope la jicho lake la kulia likavimba. Mara hii sikumwambia mtu asubiri. Hospitali ya kwanza tuliyofika walisema ni jipu, wakampa dawa za jipu. Uvimbe ulipozidi tulipanda basi tukaenda mbali zaidi, mpaka pale walipokata kinyama kidogo na kukipima. Jibu la kwanza la hadubini lilisema kwamba zimeonekana seli ndogo, za mviringo, zenye rangi ya samawati, na kwamba huenda ni saratani ya tezi, ile inayowapata watoto wetu mara nyingi. Nikauliza matibabu yataanza lini. Daktari, kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, akanijibu, "Tuvumilie kidogo, Mwalimu. Kinyama hiki bado hatujakiuliza swali la pili."

Nilikasirika. Mimi nilikuwa nimekwisha kuona subira inafanya nini. Lakini jibu la pili lilipokuja, karatasi ilikuwa na maneno ambayo sikuwahi kuyaona: desmini, ndiyo, miojenini, ndiyo, CD20, hapana. Nikamwomba daktari anieleze kama ambavyo angemweleza mwanafunzi wa darasa la saba. Akasema, "Hizi si seli za tezi, Mwalimu. Hizi ni seli zilizokuwa njiani kuwa msuli, zikapotea njia." Kwa sentensi ile dawa zote zilizokuwa zimepangwa zilibadilishwa. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma, na kuwasumbua vijana wenye ujuzi, ili nijue binadamu alifikaje mahali pa kuweza kusema sentensi kama ile.

Historia yenyewe ina tawi lake hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amwone mtoto mwenye uvimbe katika pembe zote nne za taya. Muda mfupi baadaye akaona mwingine wa namna hiyo Jinja. Akaanza kuchambua kumbukumbu za hospitali, akagundua kwamba watoto hao wenye taya zilizovimba aghalabu huwa na uvimbe mwingine tumboni. Kabla yake, kila uvimbe ulikuwa ukipewa jina la mahali ulipokutwa: wa taya jina lake, wa figo jina lake, wa jicho jina lake. Burkitt alisema huu ni ugonjwa mmoja. Aliandika hivyo mwaka 1958, ingawa yeye mwenyewe wakati ule aliuita sakoma. Ndipo wachunguzi wa hadubini pale Kampala, Gregory O'Conor na Jack Davies, walipoonyesha kwamba seli zake ni za jamii ya tezi za limfu.

Mwezi Oktoba 1961 Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia katika gari kuukuu wakaanza safari ya wiki kumi na takriban maili 10,000, kutoka Uganda, kupitia Tanganyika, mpaka kusini mwa Afrika. Hospitali baada ya hospitali walionyesha picha na kuuliza: je, mmewaona watoto kama hawa? Walipomaliza walikuwa na ramani. Ugonjwa ulikaa katika nchi zenye joto na mvua, na ukatoweka palipo juu na penye baridi. Leo tunajua kwamba ramani ile ilifuata malaria, na kwamba malaria hushirikiana na kirusi ambacho Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikiona mwaka 1964 London katika seli zilizoletwa kutoka Uganda.

Wakati gari lile likipita katika nchi yetu, mimi nilikuwa darasa la nne Kasulu, tukifanya mazoezi ya gwaride la Uhuru wa tarehe 9 Desemba. Hatukuwa na habari kwamba kuna watu wanaozunguka wakiulizia watoto wenye mashavu yaliyovimba. Na mwaka 1979, nilipomfungulisha mdomo mtoto wa mrina asali, ujuzi ule ulikuwa umetimiza miaka zaidi ya ishirini. Kampala watoto walikuwa wamekwisha kutibiwa kwa dawa, wengine wakapona kwa dozi chache tu. Ujuzi ulikuwa Kampala, chumvi ilikuwa Kibondo.

Lakini mjukuu wangu hakuwa na ugonjwa wa Burkitt, na hapa ndipo tawi la pili la historia linapoanza. Mwaka huo huo wa 1961, New York, mtaalamu aitwaye Alexander Mauro alikuwa akiangalia msuli wa mguu wa chura kwa hadubini ya elektroni. Pembeni mwa uzi wa msuli, chini ya ngozi nyembamba iuzungukayo, aliona seli ndogo imejibanza. Haikuwa sehemu ya uzi, wala haikuwa nje yake. Akaiita seli ya pembeni, kama mwezi unavyokaa pembeni mwa dunia, akabashiri kwamba huenda hiyo ndiyo hazina ambayo msuli uliojeruhiwa huitumia kujiunda upya. Alibashiri vema. Tatizo ni kwamba aliitambua kwa mahali ilipolala tu. Ukiitoa pale, ukaichanganya na seli nyingine katika sahani, huijui tena. Ni sawa na kumjua mtu kwa sababu umemkuta katika nyumba ya fulani. Ukikutana naye sokoni, utamwitaje?

Wenzangu wa Kibondo watanielewa nikitumia mfano wa nyuki. Ukifungua mzinga ukaona majana, yote ni meupe, yote yamejikunja, yote yanafanana. Lakini mmoja atakuwa malkia na maelfu watakuwa vibarua. Mrina mzoefu hatazami umbo la jana; hutazama chumba alimolazwa, kwa kuwa hicho humwambia chakula anacholishwa. Seli nazo ziko hivyo. Karibu kila seli ya mwili wako ina maandishi yale yale ya urithi, kama vile kila shule ya Tanzania ilivyokuwa na muhtasari mmoja wa masomo. Tofauti kati ya seli ya ini na seli ya msuli ni kurasa zipi zimefunguliwa, yaani ni protini zipi zinatengenezwa. Basi anayetaka kuijua seli changa, ambayo bado haina umbo la kuitofautisha, hana budi kuuliza: umebeba protini gani?

Njia ya kuuliza swali hilo ilianza kutengenezwa mwaka 1941, pale Albert Coons na wenzake Marekani walipobandika rangi ing'aayo kwenye kingamwili. Kingamwili ni askari wa mwili, na kila mmoja hukamata adui mmoja tu. Ukipata askari anayekamata protini fulani, ukamvisha rangi, kisha ukammwagia kwenye kipande cha nyama, atatembea mpaka aikute protini yake, atasimama hapo, nawe utaiona rangi. Mwaka 1975, Cambridge, Georges Köhler na César Milstein walipata njia ya kutengeneza askari wa aina moja tupu kwa wingi usiokwisha, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Tangu hapo hospitali ziliweza kuagiza kingamwili kama duka linavyoagiza sabuni.

Ilibaki kujua ni protini ipi ya kuulizia. Mwaka 1987, Seattle, Robert Davis, Harold Weintraub na Andrew Lassar walichukua jeni moja wakaitia katika seli ambazo si za msuli, nazo zikageuka kuwa msuli. Wakaiita MyoD. Hebu fikiri, msomaji: neno moja tu limesemwa, na seli imebadili kazi yake maishani. Mwaka 1989 ikaja miojenini, ndugu yake MyoD. Mwaka 2000 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Michael Rudnicki walionyesha kwamba ile seli ya pembeni ya Mauro hubeba protini iitwayo Pax7, na kwamba panya waliozaliwa bila hiyo hawakuonekana kuwa na seli hizo. Baada ya miaka karibu 40, mgeni yule aliyejulikana kwa nyumba yake akapata jina lake mwenyewe.

Kwa hiyo safari ya msuli inaweza kusomwa kama daftari la mahudhurio. Mwenye Pax7 peke yake amelala akingoja kuitwa. Akiongeza MyoD, ameamka na anazaana. Akipata miojenini, ameamua: anaacha kuzaana, anaungana na wenzake kuwa uzi mmoja mrefu wenye viini vingi. Desmini ni kama kamba za kufungia uzi huo usilegee. Saratani ya mjukuu wangu ilikuwa ya seli zilizobeba alama za njia hii, miojenini na desmini, lakini zilikataa sharti la mwisho: hazikuacha kuzaana. Zilikuwa kama mwanafunzi aliyevaa sare ya kuhitimu lakini anarudia darasa lile lile daima, kila mara akileta wengine.

Daktari alinionyesha picha. Katika rangi ya kawaida niliona nukta za samawati tu, na kama ungeweka pembeni picha ya ugonjwa wa Burkitt nisingeweza kutofautisha. Aliniambia kwamba hata mtaalamu huweza kutatizika hapo. Katika picha ya pili, ile ya kingamwili ya miojenini, viini vya seli vilikuwa vya rangi ya kahawia, kama kahawa iliyomwagika. Nikauliza kama alama moja ingetosha. Akasema la, kwa maana desmini huonekana hata katika misuli ya aina nyingine, kama ya tumbo. Ndiyo sababu huuliza kadhaa, zile za kusema ndiyo na zile za kusema hapana. Nikafurahi kusikia hivyo. Hata katika baraza la wazee wa Buha, shahidi mmoja hatoshi kumtia mtu hatiani.

Na jina si urembo. Ugonjwa wa Burkitt hukua haraka sana, lakini pia huyeyuka haraka kwa dawa, bila kisu. Ule wa seli za msuli hudai dawa kwa miezi mingi, pamoja na mionzi au upasuaji. Laiti tungeanza kwa jina la kwanza, uvimbe ungenywea kidogo, tungeshukuru, tungerudi Kasulu, nao ungerudi nyuma yetu. Mjukuu wangu alipata dawa na mionzi kwa muda uliokaribia mwaka. Nywele zilikwisha, zikaota tena. Jicho lile sasa linaona kwa ukungu, kwa sababu mionzi haichagui. Lakini yuko sekondari, na ananisahihisha Kiingereza changu bila huruma.

Sasa nirudi kwa mtoto wa kwanza. Watu huniambia, "Mwalimu, ulikuwa ugonjwa wa Burkitt, usijisumbue, jino kucheza ni dalili yake." Inawezekana. Joto na malaria ya bondeni kwetu vinakubali. Lakini inawezekana pia kwamba zilikuwa seli za msuli, au usaha katika mfupa ambao dawa ya kawaida ingeuponya. Hakuna kipande kilichokatwa wala karatasi iliyoandikwa. Mimi nisije nikarudia uzeeni kosa lile lile la ujana, la kumpa mtoto yule jina kwa kutazama umbo la shavu lake.

Mwaka jana nilisafiri mpaka Kibondo. Shule ipo, ina madarasa mapya ya matofali ya kuchoma, na Mwalimu Mkuu wa sasa ni mwanamke hodari ambaye hakuwa amezaliwa mwaka 1979. Nilimwomba kitabu cha kumbukumbu cha zamani. Alikitafuta saa nzima, akakitoa ndani ya sanduku la bati, mchwa wameonja pembe zake tu. Nikaukuta mwandiko wangu, ule mzuri wa kujivuna wa kijana wa chuo cha ualimu: "Amefariki. Jino."

Nikamwomba ruhusa. Akanipa kalamu. Nikakata neno la pili kwa mstari mmoja, ili lisomeke bado na ajaye alione kosa langu, kisha pembeni nikaandika, "Ugonjwa haukujulikana. Haukupimwa," nikatia sahihi na tarehe ya siku ile.

Kisha nikaulizia njia ya kwenda kwa mrina asali. Mzee yule amekwisha kufa, ila mdogo wake marehemu yuko, naye anarina mizinga ile ile. Nilimwambia yote niliyoyaandika hapa, pamoja na ile wiki moja niliyomwomba baba yake asubiri. Alinyamaza kitambo. Halafu akasema, "Baba alisema kila siku kwamba Mwalimu alimtazama mtoto mdomoni, lakini hakumwuliza anaumwa wapi." Akaingia ndani, akatoka na asali katika chupa, akanikabidhi kwa mikono miwili.